Mafuta meusi ya kwenye twita yamenifikisha kwenye sensa ya kupima kasi ya mzunguko, njooni tujadili

FundiTwita_Dom (mwenye uzi)

Mbukwenyi wakuu. Mimi ni fundi redio na spika hapa Dodoma, kibanda changu kipo pande za Majengo karibu na soko, na kuna jambo limeninyima usingizi wiki ya 3 sasa. Nikisema sensa kwenye huu uzi namaanisha kifaa cha kuhisi, sio ile ya kuhesabu watu, tuelewane mapema.

Iko hivi. Twita, yaani zile spika ndogo za sauti nyembamba, nyingi, hasa za maboksi ya sherehe na za kwenye magari, ukifungua pale koili inapozama kwenye sumaku unakuta mafuta meusi ti. Miaka yote nilijua ule ni uchafu, grisi iliyoungua, nachukua kitambaa na spiriti nafuta mpaka chuma king'ae, nafunga koili mpya, mteja analipa anaenda zake. Zikawa zinarudi. Kuna kijana wa mziki wa harusi nilimfungia twita 4, hazijaisha wiki 2 kazileta zote koili zimeungua, na mimi nikamwambia anafungulia sauti kupita kiasi. Kumbe kosa langu. Yale mafuta ndo yanabeba joto la koili kulipeleka kwenye chuma, na ndo yanaituliza koili isichezecheze hovyo. Nimemfungia upya bure, safari hii na mafuta ndani.

Sasa nikaanza kuyafuatilia hayo mafuta. Jina lake ferofluidi. Ni mafuta ya kawaida tu ila ndani yana chembe za sumaku ndogo mno, kama nanomita 10 hivi, na kila chembe imevalishwa kitu kama sabuni ili isishikane na mwenzake. Aliyeyabuni ni Steve Papell wa NASA kule Cleveland mwaka 1963, shida yake ilikua mafuta ya roketi, manake kule juu kitu hakina uzito na mafuta hayajui chini ni wapi, akawaza nikiyafanya yavutwe na sumaku nitayaleta mwenyewe kwenye pampu. Roketi hazikuja kutumia njia hiyo ila mafuta yakabaki, yakaingia kwenye spika na kwenye sili za mashine.

Kilichonikamata ni hiki hapa. Chukua sumaku ya kisahani, mimi nimetumia ya twita ndogo ya gari, upana kama sarafu. Idondoshee matone machache ya ferofluidi, iweke juu ya kioo. Mafuta yanakimbilia kingo za sumaku yenyewe na kujipenyeza chini yake, sumaku INANYANYUKA. Haigusi kioo tena. Ukiipuliza kwa mdomo inateleza kama kipande cha barafu kwenye sinia. Mwaka 1966 kuna mtu anaitwa Ronald Rosensweig aliandika maelezo yake, kwamba sumaku ikizamishwa kwenye mafuta haya inajielea yenyewe, inasukumwa mbali na kila ukuta bila umeme wala beringi.

Na kitu kinachoelea bila kugusa ukikizungushia chombo chake, chenyewe kinabaki nyuma. Hapo ndo nikaelewa kuna watu wanatengeneza sensa za kupima kasi ya mzunguko kwa njia hii, uzito unaning'inia kwenye mafuta ya sumaku ndani ya kopo, kopo likizunguka uzito unachelewa, unapima umechelewa kiasi gani. Nimetengeneza ya kwangu ya mezani. Naileta kwenye post inayofuata, ngoja nimalizie kazi ya mteja.

Chamwino_Kwetu

Nimekaa siti ya mbele mkuu shusha

BintiMpwapwa

Kaka fundi umenikumbusha mbali. Sie shule tulijaribu kuyatengeneza kwa wino wa unga wa printa na mafuta ya alizeti, mwalimu alisema tuone. Ukiweka sumaku chini ya sahani yananyanyuka vizuri tu, ila tukaacha kwenye chupa usiku kucha, asubuhi mafuta yako juu meupe na unga wote umekaa chini kama tope la mbuga. Kwanini ya kwako hayatuami?

FundiTwita_Dom

Dada swali zuri sana. Unga wa printa chembe zake ni mikroni 5 mpaka 10, hizi za ferofluidi ni nanomita 10, yaani zako ni kubwa mara 500 mpaka 1000 hivi. Chembe ikiwa ndogo kiasi kile inasukumwasukumwa na joto la mafuta yenyewe, haipati nafasi ya kutulia chini. Ya kwako ikiwa kubwa inazama tu kama mchanga. Na sio kila wino wa printa una chuma ndani, mwingine hauvutwi kabisa. Halafu tafadhali ule unga usivutwe puani, vaa barakoa, mapafu hayana spea.

Haya mtambo wangu.

Nina maikrowevu mbovu. Kuna mota ndogo chini inayozungusha sahani ya chakula, hiyo ni dhahabu, manake inafuata mapigo ya umeme wa gridi. Mgongoni imeandikwa 5/6, maana yake kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka mara 5 kwa dakika, mzunguko mmoja sekunde 12, ambayo ni nyuzi 30 kwa sekunde bila kuyumba. KABLA HUJAFUNGUA MAIKROWEVU: ndani kuna kapasita inakaa na volti kama 2000 na inaweza kuwa na chaji hata kama umechomoa waya, imeshaua mafundi. Kama hujui kuitoa chaji mpe anayejua. Na mota yenyewe isome volti zake, nyingine ni za 220 nyingine ni 21 au 30.

Juu ya mota nimesimamisha kikombe cha plastiki kirefu ili sumaku ya ndani ya mota isifike kwa sumaku yangu. Juu ya kikombe nimefunga uso wa saa ya ukutani, ile karatasi yenye namba, na juu yake kile kioo chake kilichobinuka nimekigeuza kikawa kama kisahani chenye shimo kidogo katikati. Sumaku na mafuta yake zinakaa pale katikati zenyewe. Juu ya sumaku nimegundisha njiti moja ya fagio la chelewa iwe mshale. Nimefunika yote na bakuli la kioo, manake Dodoma mnaijua na upepo wake, dirisha likiachwa wazi njiti inazungushwa na upepo tu.

Njiti nimeilaza kwenye 12. Nikawasha. Sahani ikaanza kwenda, njiti ikabaki nyuma, namba zinapita chini yake, halafu taratibu ikakubali kwenda nayo, ikatulia ikiwa inaelekea kwenye 1. Sio 12. Kwenye 1. Ikazunguka hivo hivo mzunguko baada ya mzunguko imeng'ang'ania 1. Nikazima. Sahani ikasimama pale pale na njiti ikaendelea mbele kidogo kidogo ikarudi ikasimama 12 ilipoanzia.

Wakuu nilikaa pale na chai ikapoa. Nimerudia zaidi ya mara 20.

Kigogo_Mkavu

Mkuu hongera ila nina shaka. Hiyo ni sumaku, sumaku ikielea inatafuta kaskazini, hujatengeneza sensa umetengeneza dira. Imebaki nyuma kwa sababu inavutwa na dunia.

FundiTwita_Dom

Nilitegemea hili swali na ni halali kabisa. Majibu ni mawili.

La kwanza, kisahani cha twita ncha zake ziko juu na chini, uso mmoja kaskazini uso mwingine kusini. Ikilala bapa haina upande wa kuelekea, ukiizungusha popote dunia inaiona ile ile. Ingekua sumaku yenye ncha pembeni hapo ungekua sahihi, ingekua dira.

La pili ndo linanifurahisha zaidi. Hizi mota za maikrowevu hazina upande maalum, ukiwasha safari hii inaenda kulia, ukizima ukawasha tena inaweza kwenda kushoto. Ikienda kushoto njiti inakaa kwenye 1. Ikienda kulia njiti inakaa kwenye 11. Dira ingekua inaelekea ukuta ule ule wa kibanda muda wote, hii inazunguka na sahani, inachofanya ni kuchelewa tu na kuchelewa kwenyewe kunafuata upande wa mzunguko.

Halafu nikatoa mota nikazungusha kwa mkono, mdogo wangu anahesabu kwa saa ya simu, mzunguko mmoja kwa sekunde 6, mara mbili ya mota. Njiti ikakaa kwenye 2.

Kigogo_Mkavu

Hapo kwenye 11 na 1 umenimaliza. Nakubali sio dira. Endelea mkuu.

Mwl_Kondoa

Nafundisha fizikia huku Kondoa, nimesoma uzi wote kwa furaha sana. Fundi, umefanya kitu ambacho kwenye darasa langu nakichora ubaoni na watoto wanasinzia.

Naomba niseme kwa nini inakua hivo. Sahani ikianza kuzunguka, kinachoivuta sumaku yako ni mnato wa mafuta peke yake, na mnato unavuta kutegemea tofauti ya mwendo, tofauti ikiwa kubwa unavuta sana, ikipungua unavuta kidogo. Sumaku na njiti vina inesha, havitaki kubadilika. Kwaiyo mwanzoni vinateleza, vinapoteza nyuzi kadhaa, mpaka mwendo ulingane. Zile nyuzi zilizopotea hazirudi wenyewe kwa kuwa mwendo ukishalingana mnato hauna tena cha kuvuta, njiti inabaki imechelewa vile vile. Ukizima, hesabu ni ile ile kinyume chake, inarudisha deni lote.

Na deni lenyewe ni kasi ya mzunguko mara namba moja ya kifaa chako, inesha ukigawanya kwa mnato. Umepata nyuzi 30 kwa nyuzi 30 kwa sekunde, na 60 kwa 60. Namba yako ni sekunde 1. Nakuomba ujaribu kitu: acha sahani imesimama, isukume njiti kwa kidole. Nadhani itakufa ndani ya sekunde 3 au 4.

Kwaiyo mshale wako hausomi pembe, unasoma KASI, na ule uso wa saa ndo mita yenyewe, kila saa moja ni nyuzi 30 kwa sekunde.

FundiTwita_Dom

Mwalimu nimejaribu sasa hivi. Ya kwanza 3 na kidogo, ya pili karibu 4. Nimeshika kichwa, wewe uko Kondoa na hujakiona kifaa.

BintiMpwapwa

Mwalimu, kama inategemea mnato basi si itabadilika na baridi? Asali ya Manyoni tunayoletewa nyumbani mwezi wa 7 asubuhi haitoki kwenye chupa mpaka uiweke juani, mchana inamwagika kama maji.

Mwl_Kondoa

Umegonga penyewe. Baridi mafuta yanakua mazito, yanaivuta sumaku haraka, deni linakua dogo kwa kasi ile ile. Mchana yanakua mepesi, deni linakua kubwa. Kwaiyo sensa ya aina hii bila kipima joto pembeni inadanganya, hawa wanaotengeneza za kuuza lazima wasahihishe kwa joto au wachague mafuta ambayo mnato wake haubadiliki sana.

FundiTwita_Dom

Nathibitisha. Kibandani asubuhi saa 12 na nusu nikivaa koti, njiti haifiki kwenye 1, inaishia dakika 2 kabla. Saa 8 mchana bati likishachemka inapita 1. Mota ni ile ile mizunguko ni ile ile. Nilidhani nimekosea kusoma, nikaacha kuandika, sasa nimeandika zote.

Ila kuna kitu kinanisumbua na sijakiweka hapa mpaka sasa. Nikizungusha dakika 1 au 2 kila kitu safi. Jana niliiacha ikizunguka nikaenda kula, kama dakika 15, kurudi nakuta njiti haiko kwenye 1 tena, imerudi katikati ya 12 na 1. Nikazima, badala ya kusimama 12 ikapitiliza ikaenda mpaka katikati ya 12 na 11. Mafuta hayajapungua, joto ni lile lile. Hapo maelezo ya mwalimu yanagoma au mi ndo sijaelewa?

ChuoTu_UDOM

Nasubiri hili jibu, nasoma mambo ya vipimo hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na mradi wangu unahusu mtikisiko, huu uzi nimeuhifadhi.

Mwl_Kondoa

Nimelala nalo hili nimeamka nalo. Haligomi, ila kuna mtu wa tatu kwenye hadithi.

Tazama hesabu. Ilichelewa nyuzi 30, halafu kuna kitu kikaivuta taratibu sana ikalipa 15 kimya kimya. Ulipozima, sahani ilirudisha 30 zote kama kawaida, na kwa kuwa 15 zilishalipwa ikapitiliza 15 upande wa pili. Kwaiyo kuna springi ndani ya kifaa chako. Dhaifu, inachukua dakika nyingi, ila ipo na inaivuta njiti irudi kwenye 12.

Sasa springi hiyo iko wapi. Ingekua sumaku ya dunia au chuma cha ukutani, basi kwa kuwa sahani inazunguka, kila sekunde 6 mvuto ungebadilika upande, njiti ingetikisika kwenda na kurudi isingesogea upande mmoja. Yako imesogea upande mmoja. Kinachoivuta kinasafiri na sahani. Fundi, kuna chuma kwenye sahani yako. Kitafute.

FundiTwita_Dom

Mwalimu. Uso wa saa nimeufunga kwenye kikombe na skrubu. Moja. Ya chuma. Iko chini ya namba 12.

Kigogo_Mkavu

Aiseeee

Chamwino_Kwetu

Lakini si mlisema kisahani hicho hakina upande? skrubu inaivutaje izunguke

Mwl_Kondoa

Sawa kabisa kuuliza. Kingekua kimekamilika pande zote skrubu ingekivuta kisogee tu, isingekizungusha. Ila sumaku ya kiwandani haiko sawa kila upande, kuna sehemu ya ukingo ina nguvu kidogo kuliko nyingine, hiyo sehemu ndo inaipenda skrubu. Kwenye beringi ya kawaida usingeona kabisa, msuguano ungeificha. Hapa hakuna msuguano wa kukwama, hata mvuto mdogo namna gani ukipewa muda utaonekana. Huo ndo uzuri wa kuelea na ndo tabu yake.

Na sensa za kweli za namna hii zina tabia ile ile aliyoiona fundi. Springi ndogo huwa ipo, mara nyingine wanaiweka makusudi ili uzito usipotee mbali. Kwaiyo mtikisiko wa haraka na mizunguko mifupi inapimika vizuri, ila mzunguko wa polepole unaodumu muda mrefu unasahaulika. Mtu anayetaka yote mawili anaoanisha na jairo (kifaa cha kupima mzunguko) ya aina nyingine ya kushika zile za polepole.

Mgodini_Singida

Wakuu nina la kuongezea, nimeona sehemu kuna sensa za mzunguko zinatumia zebaki badala ya haya mafuta. Huku kwetu machimboni zebaki ipo, kama kuna mtu anataka kujaribu anitafute.

Mwl_Kondoa

Ndugu yangu kwanza naomba kwa heshima yote usimpe mtu zebaki kwenye huu uzi, na wewe mwenyewe kaa nayo mbali kadri unavyoweza. Mvuke wake hauna harufu, unaingia kwenye ubongo na figo, na mama mjamzito anamuumiza mtoto tumboni. Unajua huko machimboni watu wanachoma dhahabu kwenye kikaango cha jikoni. Hilo tu lingetosha uzi wake.

Ila umesema kweli kwamba zipo, na ni vizuri tutofautishe maana watu wanachanganya. Zile zebaki haibebi kitu, zebaki yenyewe ndo uzito. Wanaiziba kwenye mfereji wa duara, sumaku imefungwa kwenye kopo. Kopo likitikisika zebaki inabaki nyuma, na kwa kuwa zebaki inapitisha umeme na inakatiza sumaku, inazaliwa volti ndogo sana, inapandishwa na transfoma inasomwa. Hakuna mshale wala sehemu ya kuchakaa. Zinatumika kwenye setilaiti kupima mtetemo mdogo unaoharibu picha, na kwenye yale madoli ya kupimia ajali za magari, ndani ya kichwa cha doli.

Wazo lake ni la zamani. Faraday mwaka 1832 alining'iniza waya kwenye daraja la Waterloo pale London akitaka kupima volti ya mto Thames unaokatiza sumaku ya dunia. Vipimo vyake havikumpa kitu cha kueleweka siku ile, ila fikra ilikua sahihi.

Mgodini_Singida

Nimekuelewa mwalimu. Na hilo la kikaango nimelisoma mara 2, nyumbani tunacho. Nakitoa leo.

BintiMpwapwa

Mungu akubariki kaka kwa hilo.

ChuoTu_UDOM

Wakubwa shikamooni. Naomba niulize kama mwanafunzi, hivi kwa nini mtu ahangaike na mafuta wakati kuna kichipu cha MPU6050, kinapima mhimili 3 wa mzunguko na 3 wa mchapuko (mabadiliko ya mwendo), wote darasani tunakitumia. Simu zetu nyingi zina kitu cha aina hiyo. Ndani kuna kipande cha silikoni kinatetemeka, ukigeuza simu kinasukumwa pembeni kidogo, chipu inasoma.

Kwa mfano kwenye kipimo chake cha nyuzi 250 kwa sekunde, kila nyuzi 1 kwa sekunde ni hatua 131. Nimepiga hesabu ya dunia kwa kujifurahisha, dunia inazunguka nyuzi 15.04 kwa saa, ambayo ni nyuzi 0.0042 kwa sekunde, kwa chipu hiyo ni kama nusu hatua tu. Yaani haioni, na kelele yake peke yake ni kubwa kuliko hapo. Je ya fundi inaweza kuona dunia?

Mwl_Kondoa

Marahaba mwanangu. Haiwezi, na kwa sisi ni vigumu zaidi. Dodoma iko nyuzi 6 na kidogo kusini mwa ikweta, ukilaza kifaa mezani kinapata sehemu ndogo tu ya mzunguko wa dunia, kama nyuzi 1.6 kwa saa. Ndo maana pia pendulamu ya Foucault, ule uzito wa kubembea unaoonesha dunia inazunguka, ukiining'iniza Dodoma itahitaji zaidi ya siku 9 kumaliza duara moja. Ukitaka kuiona dunia ukiwa hapa simamisha kifaa ubavu kielekee kaskazini, hapo unapata karibu zote 15, ila hata hizo ni kazi ya jairo za leza na za nyuzi za kioo, sio ya njiti ya chelewa.

Kuhusu kwa nini mafuta: kwa droni na simu chukua chipu, huna haja ya kingine. Uzito unaoelea unapata nafasi pale ambapo mtikisiko ni mdogo sana na kelele ya kichipu inaufunika, manake unaweza kuweka uzito mkubwa, gramu kadhaa, wakati ndani ya chipu kuna kitu chepesi kuliko chembe ya chumvi. Na hakuna beringi ya kuisha wala mota ya kuungua.

ChuoTu_UDOM

Ahsante mwalimu. Sasa fundi, utasomaje bila macho? Mshale na kamera ni sawa ila mimi nataka volti nipeleke kwenye kompyuta.

FundiTwita_Dom

Nimelifikiria hili kwa siku 4. Wazo la kwanza lilikua sensa ya Hall, ile inayohisi sumaku na kutoa volti, niiweke chini ya sumaku, ila kisahani changu kiko sawa kila upande, kizunguke kisizunguke Hall inaona kitu kile kile. Nikasema basi nibandike kasumaku kadogo kwenye ncha ya njiti Hall ikaone. Nikajaribu. Hapo ndugu yetu Kigogo_Mkavu akawa sahihi, njiti ikawa dira, ikaelekea upande wa kaskazini na haitaki kutoka.

Ndo nikafungua feni ya kompyuta. Ndani ya lile bakuli linalozunguka kuna pete ya sumaku na ncha zake zinapishana, kaskazini kusini kaskazini kusini, 4 kwa jumla. Nimeining'iniza kwa uzi wa kushonea nikaiacha. Haijaelekea popote. Ninavoona mimi zile ncha zinafutana, dunia ikivuta moja kulia inavuta nyingine kushoto. Lakini Hall ikiwa karibu kabisa inaziona moja moja. Kwaiyo pete ya feni ndani ya ferofluidi, Hall 2 pembeni, na hakuna skrubu ya chuma sehemu yoyote. Mwalimu niambie kama nimekosea kabla sijamwaga mafuta maana kichupa kimebaki robo na bei yake imechangamka.

Mwl_Kondoa

Hujakosea. Kitu kimoja tu, Hall zenyewe ziwe za aina isiyo na chuma ndani wala miguu ya chuma, jaribu kila moja kwa kuisogezea sumaku, ikivutwa iache. La sivyo umerudisha skrubu kwa mlango wa nyuma.

FundiTwita_Dom

Nimejaribu 6, zimevutwa 4. Miguu yake ni chuma kweli. Zilizobaki 2 nitazitumia na ChuoTu nimemkaribisha Jumamosi aje na kompyuta yake, tutaweka majibu hapa.

Ila ya jana usiku lazima niwaambie. Skrubu nimetoa, uso wa saa nimegundisha kwa gundi ya mbao. Nikawasha saa 2 na dakika 10 usiku, nikaweka simu juu yake irekodi na tochi yake imewaka, mota ikaenda kushoto, njiti ikakaa kwenye 1. Nikafunga koili ya spika moja huku nachungulia. Saa 2 na nusu iko kwenye 1. Saa 2 na dakika 40 iko kwenye 1, haijasogea hata upana wa njiti yenyewe. Nikawa nawaza niiache mpaka saa 3, umeme ukakatika. Mtaa wote giza, redio ya jirani kimya, na pale mezani kuna kile kimwanga cha simu tu. Sahani imesimama. Njiti ikaondoka kwenye 1, polepole, ikapita zile alama za dakika moja baada ya nyingine, ikasimama kwenye 12.

Video ninayo, bando likiingia naipandisha.